Kipande cha Tatu

Sindano ilivunjika Alhamisi saa nne asubuhi, na Mbeke akajua papo hapo kwamba imetoka vipande vitatu. Mtu aliyekaa kwenye cherehani miaka kumi na saba huambiwa na sikio kabla ya jicho. Kipande cha juu kilibaki kimebanwa kwenye mashine. Cha katikati kilimwangukia mapajani. Cha tatu, ncha yenyewe, isiyozidi punje ya mchele, hakukiona.

Mbele yake lilikuwa koti jekundu la judo, la kumi na moja kati ya kumi na mawili, na kola yake ilikuwa imenona kama mkate. Kocha Lemein wa Kajiado ndiye aliyetaka hivyo. Koti la judo ni zito tangu linakotoka, lakini yeye alitaka sponji ndani ya kola, halafu mistari miwili ya utepe wa dhahabu juu yake, halafu kichwa cha nyati mgongoni. Watoto wake wasimame kama wafalme, alisema. Hakusema, ila Mbeke aliona mwenyewe, kwamba kola nene vile ni kazi kuishika, na judo bila kushika kola ni salamu tu.

Kule Athi River, kwenye kiwanda alichofanyia kazi kabla ya kufungua kibanda chake hapa Kitengela, kulikuwa na sheria moja ambayo hata msimamizi mwenye hangova hakuipindisha. Sindano ikivunjika, mashine inazimwa, na hupewi nyingine mpaka ulete vipande vyote vya ile ya kwanza. Unavipanga kwenye karatasi, unavibandika kwa selotepu mpaka sindano iwe nzima tena, unaandika tarehe na jina lako. Kikikosekana kipande, nguo zote za meza hiyo zinawekwa kando, hata zikiwa mia mbili. Mbeke aliwahi kuwaona wanawake ishirini wamepiga magoti sakafuni wakitafuta kitu kidogo kuliko ukucha, na hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo alijua la kufanya. Hilo lisimtetee mtu.

Tatizo ni kwamba Lemein alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, injini ya gari inanguruma nje. "Mama Purity, tumechelewa. Bado niko na majina ya kubandika Kajiado. Imebaki ngapi?"

"Mbili tu," Mbeke akasema.

Alipapasa ile kola haraka haraka. Alihisi sponji, utepe, sponji. Akatia sindano mpya, akamaliza, akashona la mwisho, akayatupa yote mawili juu ya lile rundo. Lemein aliyakumbatia yote kumi na mawili kwa mpigo mmoja, akayashindilia kwenye gunia, na kuanzia hapo hata Mungu angeulizwa lipi ni lipi angeomba muda.

Gari lilipoondoka, Mbeke alichukua sumaku yake, ile aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaipitisha sakafu nzima. Ilikuja na pini saba, kifungo cha chuma na sindano ya mkono yenye kutu. Ncha haikuwemo. Akapitisha tena chini ya meza, kwenye vipande vya vitambaa, mpaka kwenye viatu vyake mwenyewe.

Ijumaa alimpigia Lemein simu. Alisikia muziki nyuma na watoto wakishangilia. "Zimetoka fiti, Mama Purity! Watu wanalia huku!"

"Nilitaka tu kujua kama zimefika," Mbeke akasema, akakata.

Mwoga ni mtu kama wewe na mimi, mwenye sababu. Sababu ya kwanza ya Mbeke ilikuwa kibanda: fundi aliyeacha sindano kwenye nguo ya mtoto hapewi tena sare ya shule hata moja. Ya pili ilikuwa Mwalimu Munguti.

Munguti alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, Mkamba wa Mwala, na kwa miaka kumi na tisa alifundisha judo kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Sheria yake ya mavazi haikuhitaji karatasi. Nyeupe, pamba, basi. Hakuna nembo, hakuna jina, hakuna nyota. Mtoto wa mwenye ploti na mtoto wa mfua nguo wakisimama kwenye mkeka, usiwajue. Halafu kulikuwa na kupapasa. Kabla ya kuinamiana, kila mmoja alipitisha vidole kwenye kola ya mwenzake, kutoka shingoni mpaka chini, ndani na nje, akitafuta pini, hereni, kifungo, chochote cha kuumiza. Akimaliza anasema, "Safi." Mgeni akiona alidhani wanaombeana. Mwalimu alianzisha desturi hiyo mwaka ambao mtoto mmoja alikuja na pini kwenye kola na mwenzake akaponea chupuchupu kupoteza jicho.

Ilikuwa desturi nzuri. Lakini tuseme ukweli, weupe ule ulikuwa umempanda Mwalimu kichwani. Wanafunzi kumi na mmoja walipomhama mwaka huo kumfuata Lemein na video zake, Munguti hakuuliza wamekosa nini kwake. Alisema wameenda sarakasi. Lemein alikusanya watoto kutoka Kimuka mpaka Kona Baridi, wengine kutoka mbali zaidi, na kila alipotajwa Mwalimu alitema mate pembeni, taratibu, kama mtu anayetoa unyoya mdomoni. Angejua kwamba Mbeke, mwanafunzi wake wa mkanda wa kahawia, ndiye anayeshona dhahabu za Lemein, angemtazama kwa yale macho yake ya dharau. Mbeke alipokea kazi hiyo kwa siri. Tumbo halina klabu.

Na sababu ya tatu, iliyozizidi zote, ilikuwa Purity.

Purity alikuwa mtoto wake wa pekee, na alikuwa na miaka ishirini. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho kucheza na vijana. Mwaka uliopita alishindwa fainali kwa pointi moja na akakaa siku tatu bila kula chakula cha maana. Jumamosi hii, pale Kajiado, mshindi wa kila uzani angeingia timu ya kaunti na kwenda mashindano ya taifa, ambako maafisa wa vikosi huja kuchagua watu wa kuajiri. Purity aliamka saa kumi na moja kila siku kwa mwaka mzima kukimbia barabara ya Namanga kwa ajili ya Jumamosi hiyo. Mbeke akisema ya sindano, kungekuwa na zogo, makoti yangezuiliwa, mashindano yangeahirishwa kwenda mwezi usiojulikana, na miaka ishirini na moja haisubiri mtu. Ndivyo alivyojiambia. Kisha akatia sumaku kwenye mkoba.

Walikwenda kwa pikapu ya kanisa. Njia yote ya Isinya Mwalimu alihubiri juu ya utepe wa dhahabu. Purity alikaa katikati yao, akikunja na kukunjua vidole vyake vya mkono wa kulia.

Walipofika ukumbini, watoto wa Lemein ndio kwanza walikuwa wanaingia. Waliingia kwa ngoma. Kumi na wawili, wekundu, kola zimesimama, manyati yanang'aa migongoni, majina juu ya manyati kwa herufi za dhahabu, na ukumbi mzima ukasimama na simu hewani. Hata Mbeke, na hofu yake yote, alihisi kitu kikimpanda kifuani. Mkono wake ndio uliofanya vile. Zilikuwa zimependeza, jamani.

"Mapazia," Mwalimu Munguti akasema.

Refa alipima urefu wa mikono kwa rula, akavuta mishipi, akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeangalia kola.

Mbeke alimfuata Lemein kwenye korido. "Kocha, wacha nikague mishono kabla hawajaanza. Kuna nyuzi zilibaki."

"Kumbe uko? Mama Purity, wewe ni mtu poa sana! Ingia, ingia."

Akaingia chumba cha kubadilishia nguo, sumaku imefichwa kiganjani ndani ya leso, mkasi mdogo mkono wa pili. Alimwendea mmoja mmoja. Alijifanya anakata nyuzi, huku kiganja kikiteleza polepole kwenye kola, kulia, nyuma ya shingo, kushoto. Utepe ulikuwa wa plastiki, hauna chuma, kwa hiyo sumaku haikuwa na sababu ya kuvutwa na kitu kingine. Wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Watoto walicheka wakasema mathe anawatekenya. Wa tano. Wa nane. Wa kumi na moja, mvulana mrefu asiyetulia, alimlazimu kupitisha mara mbili, na mara zote mbili kiganja hakikuhisi kitu.

"Wa kumi na mbili yuko wapi?"

"Kakenya? Ameshaitwa, yuko kwenye mkeka."

Kakenya alikuwa binti wa miaka kumi na minane kutoka Kimana, mwepesi, mwenye miguu mirefu, na alimwangusha mpinzani wake wa kwanza kabla Mbeke hajatoka kwenye korido. Mbeke alimngoja ukingoni, lakini Lemein alimvuta mtoto pembeni kupiga picha. Alimngoja tena, na mara hii wakamwita raundi ya pili, akashinda tena. Mbeke akaanza kuongea na nafsi yake. Ameshacheza mara mbili. Ameshikwa, amevutwa, ameanguka, na hajalia. Labda ile ncha iliruka nje ya mlango Alhamisi ile ile na sasa iko tumboni mwa kuku wa jirani. Labda.

Ndipo wakatangaza fainali ya uzani huo: Purity wa Kitengela na Kakenya wa Kajiado.

Mbeke aliandikwa msaidizi wa Purity, alikuwa na kitambulisho shingoni na kiti chake karibu na mkeka. Mwalimu Munguti, ambaye ndiye kocha, alimshika Purity mabegani. Purity akauliza kitu kwa sauti ndogo, akionyesha kola yake mwenyewe.

"Hapana," Mwalimu akajibu, na Mbeke akasikia vizuri. "Usimpapase. Ile si nguo ya judo. Vidole vyako viguse kola yake kazini tu."

Mbeke akafungua mdomo. Sasa, akajiambia. Sema sasa. Lakini kando yake mama mmoja alikuwa akiketi, mwenye shuka begani na shanga nyembamba shingoni, akitabasamu kwa woga.

"Sopa," yule mama akamsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Mimi ni Priscilla. Huyo mwekundu ni wangu, wa mwisho. Na wewe uko na nani?"

"Huyo mweupe."

"Ai! Basi leo mmoja wetu atalia." Priscilla akacheka, akafungua chupa ya chai, akamwaga kwenye kifuniko, akampa. "Kunywa, yeyo, mama mwenzangu. Tumetoka Kimana saa tisa usiku, hii chai imesafiri kuliko sisi."

Mbeke akanywa. Angefanya nini? Chai ilikuwa na maziwa mengi na tangawizi, na ilimshuka kama jiwe.

"Hajime!" refa akaita, na wakaanza.

Ilikuwa kama alivyoogopa na kama alivyotumaini. Purity alitafuta kola, vidole vikateleza kwenye utepe. Akatafuta tena, vikateleza. Kakenya alimzungusha, akampiga mguu, Purity akaanguka ubavu na akapoteza pointi. Ukumbi ukanguruma. Purity akainuka, akakaza mkanda, na Mbeke akaona jicho la binti yake limebadilika. Hakuifuata tena ile kola kwa juu. Aliingiza mkono kwa ndani, kidole gumba chini ya utepe, kiganja nyuma ya shingo kabisa, akashika rundo zima la sponji na dhahabu kwenye ngumi.

"Huyo wako ni mkali," Priscilla akasema. Kisha akaongeza, akimwangalia mtoto wake, "Kakenya hana raha na hiyo nguo. Tangu jana kwenye simu anasema kuna kitu kinamkwaruza hapa shingoni. Nilimwambia ni lebo tu."

Mbeke aliweka kile kifuniko sakafuni.

Kwenye mkeka Purity alimrusha Kakenya, wote wawili wakaanguka, na Purity akatua juu. Alikuwa mgongoni mwa Kakenya, mkono umepita chini ya kidevu, kola ya dhahabu imevutwa kukata shingo kutoka upande hadi upande. Ni mkabo halali, refa aliinama kuangalia. Kila aliyewahi kufanya judo mle ndani alijua kwamba imekwisha. Kakenya angepiga mkeka mara mbili kwa kiganja, au angezimia, na kwa vyovyote Purity amekwenda timu ya kaunti. Sekunde nne. Pengine tano.

Na hili ndilo Mbeke hakuwahi kujisamehe, kwamba alingoja. Aliwaza wazi kabisa, kwa maneno: acha apige mkeka, acha Purity ashinde, halafu nitamfuata yule mtoto chooni nilichukue hilo koti polepole na hakuna atakayejua. Akavuta pumzi moja. Akavuta ya pili. Kakenya hakupiga mkeka. Alikuwa mbishi, amekunja uso, anasukuma kwa miguu, na Purity akakaza zaidi. Ile kola ikazama kwenye nyama ya shingo, pale pale ambapo mtu hutafuta mapigo ya moyo wa mgonjwa.

Mbeke akakimbia.

"Achia! Purity, achia! Achia kola!"

Aliingia mkekani na viatu. Purity alisikia sauti ya mama yake, na mtoto aliyelelewa vizuri hutii kabla ya kufikiri, vidole vikafunguka. Refa akasimamisha mchezo. Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Refa alitazama kitambulisho shingoni mwa Mbeke, akatazama meza ya waamuzi, na wazee watatu pale mezani wakatikisa vichwa pamoja. Msaidizi akiingia kwenye mkeka, mchezaji wake ameshindwa. Sheria hiyo Mbeke aliijua kama anavyojua jina lake. Mkono wa refa uliinuka upande wa Kakenya.

"Mathe," Purity akasema, akiwa bado amepiga magoti. "Mathe, umefanya nini?"

Mbeke alimwendea Kakenya, aliyekuwa amekaa akikohoa, akafunua leso, akaipitisha sumaku kwenye kola. Kushoto, kimya. Nyuma ya shingo, kimya. Upande wa kulia, vidole vitatu chini ya sikio, sumaku ilijibandika yenyewe. Ilisikika sauti ndogo sana, tik, na refa aliyekuwa amemshika Mbeke bega ili amtoe nje akaacha kumvuta.

Akageuza kola ndani nje. Ncha ilikuwa imepenya sponji na kutokeza upande wa ngozi. Kwenye shingo ya Kakenya kulikuwa na michirizi mitatu myekundu ya zamani na mmoja mpya, na kwenye ule mpya tone moja la damu lilikuwa linatoka taratibu. Kwenye koti lenyewe huwezi kuona doa. Lilikuwa jekundu tangu dukani.

"Hiyo ni nini?" Lemein akauliza. Sauti yake ilikuwa imeishiwa ngoma.

"Ni ncha ya sindano yangu," Mbeke akasema. Aliongea kwa nguvu ili asihitaji kurudia. "Ilivunjika Alhamisi nikishona. Nilipata vipande viwili. Cha tatu sikukipata, na nikakupa makoti hivyo hivyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Lemein alifungua mdomo, akakumbuka labda gari lililokuwa linanguruma, akaufunga. Alianza kuzunguka akiwavua watoto wake makoti mmoja mmoja kwa mikono yake, hata wale kumi na mmoja waliokuwa salama, na hakuna aliyempiga picha.

Lakini Priscilla ndiye aliyemmaliza. Alikuja na ile chupa ya chai bado mkononi, akaitazama shingo ya mtoto wake, akaipangusa kwa ncha ya shuka, kisha akamgeukia Mbeke. Hakupaza sauti. "Ulikaa karibu na mimi," alisema. "Umekunywa chai yangu, na ulijua."

"Nisamehe, yeyo."

"Sijakataa. Lakini si leo."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyemwambia. Waamuzi waliandika maelezo, Mbeke akatia sahihi. Matokeo hayakubadilika. Mzee mmoja wa meza alieleza kwa upole kwamba huruma ni kitu kimoja na kanuni ni kitu kingine, na Kakenya, shingo ina plasta, akapewa karatasi ya timu ya kaunti. Aliipokea akiangalia chini. Alipopita mbele ya Purity alisimama kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo, na Purity akageuza uso.

Kurudi, hakukuwa na mahubiri mpaka karibu na Isinya. Mbeke alikuwa ameshajitayarisha kwa yale macho ya Mwalimu.

"Kwa hivyo ni wewe ulishona zile," Munguti akasema mwishowe, akiangalia barabara.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Na mtoto aliniuliza kama ampapase. Umesikia nilivyomjibu?"

"Nilisikia."

"Angeipata. Vidole vya huyu mtoto vingeipata kabla ya kuinama." Alibadilisha gia bila sababu, kisha akairudisha. "Miaka kumi na tisa nafundisha kupapasa. Leo nimekataza, kwa sababu nguo ya mwenzangu ina dhahabu. Mimi nilisema ni mapazia. Mimi, Munguti."

Purity, sasa amekaa dirishani, alikuwa ameegemea kioo, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa ngumi kana kwamba bado umeshika kitu.

"Ungengoja sekunde tatu," alisema bila kugeuka.

Mbeke angeweza kumwambia kwamba alingoja. Angeweza kumwambia ni pumzi mbili, na kwa nini. Aliliweka neno hilo kinywani mpaka Kitengela, na walipofika nyumbani, jua bado liko juu, alilitoa. Alimwambia yote, amesimama mlangoni na mkoba begani. Kwamba alitaka ashinde. Kwamba alipima shingo ya mtoto wa mwenzake na timu ya kaunti, na kwa pumzi mbili timu ndiyo iliyokuwa nzito.

Purity alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu, na kufunga taratibu kuna ubaya wake kuliko kubamiza.

Jumapili Mbeke alichukua karatasi nyeupe, akapanga vipande vitatu, akavibandika kwa selotepu. Sindano ikawa nzima. Akaandika tarehe ya Alhamisi na jina lake, akaitundika kibandani juu ya cherehani, mahali ambapo kila mteja angeona na kuuliza. Jumatatu wawili waliuliza. Mmoja alichukua kitambaa chake akaondoka nacho.

Jumanne ilikuwa siku ya mazoezi. Mbeke alikaribia kutokwenda. Alipofika, Purity alikuwa ameshafika peke yake, mweupe, mkanda umefungwa, na walikuwa hawajasemezana zaidi ya chumvi na maji kwa siku tatu. Mwalimu Munguti aliwapanga wawili wawili. Alipofika kwao alisita, akamtazama binti, akamtazama mama, akawaacha pamoja.

Wakasimama uso kwa uso. Mbeke alianza, kama desturi inavyotaka mkubwa aanze. Alipitisha vidole kwenye kola ya mwanawe, pamba tupu, laini kwa kufuliwa, hakuna kitu ndani wala nje. "Safi," akasema.

Zamu ya Purity. Alianza nyuma ya shingo. Hakupitisha vidole kama watu wanavyopitisha siku zote, wakiwaza mambo mengine. Alibana ile kola kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisaga kidogo kidogo, mshono kwa mshono, ndani na nje, mpaka chini kabisa. Watu wengine walikuwa wamekwisha kuinamiana na mazoezi yalikuwa yameanza. Mwalimu hakumharakisha mtu. Mbeke alisimama, mikono chini, akitazama utosi wa binti yake ulioinama.

Purity alipofika mwisho alirudi juu, shingoni, akaanza upya.

Mara ya pili alikwenda polepole zaidi. Mbeke alihisi machozi yanakuja, akayaacha yaje. Vidole vilifika chini, vikatulia pale kwenye pindo, kisha vikaachia.

"Safi," Purity akasema, na wakainamiana.